Mwanafunzi wa unesi si kibarua wa bure: barua ya wazi kwa wakubwa wa afya na vyuo hapa Mombasa

Kwa nyinyi wakubwa mnaosimamia afya, nyinyi mnaoendesha hospitali zinazopokea wanafunzi, na nyinyi wakuu wa shule za uuguzi kwenye vyuo vyetu vya huku pwani,

Shikamooni wazee wangu na mama zangu.

Sitataja hospitali wala chuo, manake haya ninayoandika yatokea sehemu nyingi na anayejijua atajijua, na pia mie bado niko shule na nataka kumaliza salama, mwanafunzi akishataja jina hapa mjini amejichongea mwenyewe. Itoshe kusema mie ni nesi wa diploma, nimefanya kazi wodini miaka kadhaa na sasa nasomea digrii ya uuguzi ile ya kuapgredi. Kwa hivyo haya mambo nayaona pande zote mbili. Kuna siku navaa yunifomu ya kazi na wanafunzi waja na vitabu vyao vya kuandikiwa kazi walizofanya, niwatilie saini, afu kuna siku navaa yunifomu ya mwanafunzi na mie ndo nazunguka na kitabu natafuta wa kunitilia. Wodi ni zilezile, wagonjwa ni walewale, kinachobadilika ni nguo tu, lakini ukibadilisha nguo hapo ndo waona vizuri.

Jambo langu ni moja na nalisema mapema msije mkachoka kabla hamjalifikia: acheni kuwahesabu wanafunzi wa unesi kwenye idadi ya watu wa shifti.

Najua mtasema hakuna anayewahesabu. Ni kweli, hakuna waraka uliotiwa muhuri unaosema hivyo. Lakini nendeni mkaangalie rota, ile orodha ya zamu, iliyobandikwa ukutani pale kwenye meza ya manesi. Usiku manesi wawili, na chini yao kwa kalamu wameandikwa wanafunzi watano au sita. Ikifika saa nne usiku simu yalia, wodi ya pili nesi hakufika mtoto wake anaumwa, sasa nani atatolewa kwenda kuziba? Atatolewa mmoja wa hawa wetu wawili, na sababu yasemwa wazi kabisa bila haya, "nyinyi si mna wanafunzi". Basi hapo ndo tumeshahesabiwa. Haihitaji waraka.

Na abaki nesi mmoja na wodi nzima. Kwa asiyeijua wodi ya medical ya wanaume, ya wagonjwa wasio wa upasuaji, usiku, ni mahali pa shughuli. Yule wa kiharusi ageuzwe kila baada ya saa mbili asitoke vidonda vya mgongo, wa figo mkojo wake upimwe na uandikwe, wa sukari adungwe kidole, mgonjwa wa ini amechanganyikiwa ataka kwenda kwao Kaloleni kwa miguu saa hizi za usiku na ashangoa dripu, oksijeni ya yule wa kona yataka kutazamwa, dawa za saa sita zafika, na mlangoni kitanda chaingia na mgonjwa mpya kutoka kazualti na faili lake halina hata jina la pili. Nesi ni mmoja. Hapo mtoto wa watu wa mwaka wa pili aliyekuja kujifunza atajifunza kwa nani? Atapewa mashine ya presha aambiwe anza kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho, ukimaliza peleka sampuli maabara, ukirudi nenda famasi. Asubuhi ukimuuliza usiku huu umejifunza nini atakutajia alikotumwa.

Na msinielewe vibaya, mie sidharau kazi yoyote ya wodini. Kuna wanafunzi wa digrii waja na kiburi kwamba hawakusomea kubeba bedipani, hao nawaambia mapema warudi nyumbani. Kumuogesha mgonjwa ni unesi, tena unesi hasa, pale ndo waona ngozi yake, waona anavyohema ukimgeuza, waona mguu mmoja umevimba kuliko mwengine na hakuna aliyekuwa ameuona. Lakini wayaona hayo ukiwa na mtu kando yako wa kukwambia tazama hapa. Ukiachwa peke yako utaosha umalize uende kitanda kingine, na ule mguu utaupita. Kumfunza mtu unesi kwa mtindo huu wetu ni sawa na kumfunza udereva kwa kumkabidhi matatu ya Mtwapa imejaa abiria, afu mwalimu mwenyewe ashukie Buxton.

Ngoja niwape mfano wa kufunzwa kunavyokuwa, manake nahisi wengine wenu mmekaa ofisini muda mrefu mmesahau.

Nilipokuwa diploma kulikuwa na nesi mmoja mama wa makamo, mtu wa Kisauni, ashastaafu sasa. Siku moja nimekabidhiwa chati za wodi, akazichukua mkononi mwangu akaanza kuzisoma moja moja. Upande wa pumzi kwa dakika kote kumeandikwa 20. Kitanda cha kwanza 20, cha pili 20, mpaka mwisho 20, tena na shifti ya kabla yake vilevile. Akasema ajabu ya Mungu, wanaume wote hawa wapumua sawasawa. Hakunigombeza, wala si mie niliyeziandika. Alinishika mkono tukaenda kwa kijana mmoja wa homa ya mapafu, kijana yuwaongea vizuri tu na abishana na jirani yake habari za mpira, presha yake nzuri. Mama akanambia mshike kifundo cha mkono kama bado wahesabu mapigo, usimwambie kwamba wahesabu pumzi manake akijua atabadilisha, tazama kifua, saa hii hapa, dakika nzima usikate nusu ukazidisha mara mbili. Nikahesabu. Zilikuwa 34. Akamwita dokta palepale, na wakati twamngoja akanifafanulia kwamba presha ya kijana huweza kukaa sawa mpaka dakika za mwisho, mwili wake wapigana kufa kupona na wewe waona namba nzuri tu, lakini pumzi hutangulia kusema. Kule Uingereza madaktari wao 2012 walitoa mfumo wa kumpa mgonjwa alama kwa vipimo vyake, na mgonjwa akifika pumzi 25 kwa dakika apewa alama 3 papo hapo, zile za juu kabisa kwa kipimo kimoja, akaangaliwe haraka. Yule mama hakuwa amesoma hizo alama, alikuwa amesoma wagonjwa.

Somo lile halikufika dakika kumi na mpaka leo nalitumia. Lakini alikuwa nazo hizo dakika kumi. Siku ile kwenye shifti walikuwa manesi wanne, mwenzake alikuwa anagawa dawa, mwengine yuko na madaktari kwenye raundi, ndo yeye akaweza kusimama na mie. Huyo mama mumuweke leo peke yake na wodi nzima usiku atafanya vilevile wanavyofanya wengine, ataniambia nenda kapime presha. Ndo maana nawaambia nesi hana roho mbaya. Kila mwaka nasikia viongozi kwenye hotuba wasema manesi wetu wawe na moyo wa kuwalea wadogo zao. Moyo upo jamani, kilichokosekana ni mikono.

Nina mfano mwengine wa juzi juzi, kwenye digrii, na huu ni wa Mombasa kabisa hamutaupata kwenye kitabu cha Marekani. Mzee wa Majengo, ana sukari ya siku nyingi, yuko kwenye insulini, kidonda cha mguu hakitaki kufunga, na Ramadhani imebaki wiki moja. Mzee ashaamua atafunga. Dokta ashamkataza, ameitikia kwa heshima zote na msimamo wake ni uleule. Sasa hapa ndo unesi wa watu wazima wenyewe, manake mtoto utamwambia mamake, mtu mzima ana akili zake na dini yake na nyumba yake, humlazimishi. Nesi aliyekuwa zamu akavuta kiti akakaa, hakuanza na insulini, akaanza kumuuliza babu kwenu futari huwa nini, na mzee akachangamka akazitaja, tende, uji, viazi vya nazi, kaimati za shira, mahamri ya daku. Kwa dakika tano za gumzo ashajua sukari yake itapanda saa ngapi na itashuka saa ngapi. Ndo akaanza kumwelezea polepole. Kwamba kudungwa kidole kupima sukari masheikh wengi wasema hakufunguzi saumu kwa hivyo hana sababu ya kuacha kupima mchana. Kwamba ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7 kwa mashine ya mmol/L afungue, asingoje magharibi, na hayo si maneno ya nesi, ni muongozo wa kimataifa wa sukari na Ramadhani. Kwamba dozi yake ya sasa si dozi ya mtu anayefunga, lazima dokta azipange upya, na kidonda hiki nacho chamhesabia yuko kwenye wale wa hatari zaidi. Akamuita kijana wake asikie, akamwambia mzee kamuulize na imamu wako vilevile. Mzee mwenyewe ndo akasema basi nitangoja kidonda kipone, nitalipa.

Mie nilikuwa nimesimama pale na kitabu changu nimesahau hata kuandika. Hilo ni somo la digrii kuliko slaidi zote za muhula ule. Sasa sikilizeni wakubwa zangu, yule nesi alifanya hayo baada ya kukabidhi ripoti. Shifti yake ilikuwa ishaisha. Alikaa kwa muda wake mwenyewe, afu akavua aproni akakimbilia feri manake yuaishi Likoni na ana watoto. Sasa kwa mpango huu wenu elimu yote ya wodini yategemea muda wa watu ambao hamuwalipi, na siku watakapochoka kuutoa hamna pa kuanzia.

Nakuja kwa habari ya kitabu. Mwanafunzi yeyote wa unesi Kenya ana kile kitabu cha kazi za mikono, kila kitu lazima kitiwe saini na aliyekuona ukifanya, kutoa dawa, kufunga kidonda kwa usafi unaotakiwa, kumhudumia mgonjwa mzima toka kichwa mpaka miguu, kusimamia wodi. Kimetengenezwa kwa nia nzuri. Lakini tazameni wiki ya mwisho ya kila rotesheni, yaani zamu ya kujifunza kwenye wodi moja. Foleni. Wanafunzi kumi wamemzunguka nesi mmoja kila mtu na kitabu, nesi ana ripoti ya kuandika, na kalamu yapita tu kurasa kwa kurasa. Mie nikiwa upande wa kazi nakataa kusaini nisichokiona, na najua naitwa majina kwa ajili hiyo, lakini pia nawaelewa wanaosaini, manake mtoto analia mbele yako kwamba bila saini hataenda mtihani, na kosa la kutofunzwa si lake. Matokeo yake ni kwamba kwenye karatasi kila mtu ashawekewa saini ya kuweka katheta ya mkojo, na wodini waona mikono inayotetemeka.

Na twalipa! Hili wazazi wengi hawalijui. Kwenye karo kuna ada ya kliniko, yaani ya mafunzo ya wodini, chuo chailipa hospitali kwa kila kichwa cha mwanafunzi ili wapokewe. Kwa hivyo mwanafunzi alipa ili aje kufanya kazi ambayo ilikuwa iajiriwe mtu. Nauli yake mwenyewe, glavu wakati mwengine zake mwenyewe, chakula chake mwenyewe, kupanga chumba Tudor au Kongowea si bei rahisi. Anatoka usiku saa moja na nusu asubuhi na saa nne ana kipindi na lekchara ataka watu wawe macho. Vijana waliopangiwa vyuo na KUCCPS, ile idara ya serikali ya kupanga wanafunzi vyuoni, kuanzia 2023 wako kwenye ule mfumo mpya wa ufadhili wa kupimwa familia ina uwezo gani, wengine wamepimwa kama watoto wa matajiri na baba ni mtu wa mkokoteni Mwembe Tayari, lakini hiyo ni barua nyingine. Sisi wa kuapgredi twajilipia tu, kwa mshahara, kwa mkopo wa sako, kwa chama cha akina mama.

Sasa kwa nini nahangaika na digrii na diploma ninayo na kazi ninayo? Nimeulizwa hili na shemeji zangu mpaka nimezoea. Sitasema ni mshahara manake wenye digrii wanaongoja ajira ni wengi kuliko mnavyopenda kukiri. Nataka kujua kwa nini, si kufanya tu. Na kuna ushahidi kwamba yamsaidia mgonjwa. Mwaka 2014 jarida la udaktari la Lancet lilichapisha utafiti wa Linda Aiken na wenzake, nchi 9 za Ulaya, hospitali 300, wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000. Walikuta kwamba kila wenye digrii wakiongezeka kwa asilimia 10 kati ya manesi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 za kulazwa wapungua kwa asilimia 7. Huu utafiti hata wakubwa wa vyuo mwaupenda, mwautaja kwenye sherehe za mahafali.

Lakini mwataja nusu. Utafiti uleule kwenye ukurasa uleule ulikuta kwamba kila ukimuongezea nesi mgonjwa mmoja juu ya wale alionao, uwezekano wa kufa wapanda kwa asilimia 7. Yaani faida yote ya kuongeza hao wenye digrii yaliwa na mgonjwa mmoja tu wa ziada kwa kila nesi. Ulaya si Mombasa, najua, na utafiti wa aina hii hauwezi kudai kwamba hili ndilo lililosababisha lile moja kwa moja. Hata hivyo mtu mwenye akili atauliza, kwao hesabu ni ya mgonjwa mmoja wa ziada, sisi twazungumzia wodi nzima na nesi mmoja na mwanafunzi wa mwaka wa pili ndo msaidizi wake.

Mwapenda pia kutupigia mfano wa Uingereza, haswa tangu Julai 2021 serikali zilipotia saini yale makubaliano ya manesi wetu kwenda kufanya kazi huko. Haya, tuutazame huo mfano mzima mzima. Kule mtu asomea uuguzi wa watu wazima kama digrii yake peke yake, kwa kawaida miaka 3, watoto ni njia nyingine, afya ya akili nyingine, na watu wenye ulemavu wa kujifunza nyingine. Sisi twachanganya vyote, medical na upasuaji, uzazi, jamii, afya ya akili, miaka 4 na juu yake mwaka wa intanshipu kwa wale wa kuingia moja kwa moja. Siwezi kusema ipi bora, kwa nchi yetu nesi anayejua vyote ana faida yake, kule Lamu au Tana River kwenye zahanati hautachagua mgonjwa. Lakini tazama walivyopanga muda. Mwanafunzi wao sharti afikishe saa 4,600, nusu yake 2,300 za masomo na 2,300 za wodini. Na katika hizo za wodini baraza lao la wauguzi limeweka sharti kwamba mwanafunzi yuko juu ya idadi, hahesabiwi kwenye watu wa shifti. Akiondoka mwanafunzi leo, shifti yatakiwa ibaki vilevile imetimia. Na wametenganisha anayemfunza kila siku na anayempima, si mtu yuleyule, ili saini iwe na maana.

Wala si peponi huko. Ile ruzuku waliyokuwa wakiwapa wanafunzi wa unesi England waliifuta kwa walioanza 2017, halafu 2020 wakaona mambo yaharibika wakarudisha kitu kidogo cha pauni 5,000 kwa mwaka, na wanafunzi wao nao hulalamika kwamba wodi ikizidiwa sharti hilo hubaki kwenye karatasi. Sawa. Lakini wao wana karatasi. Mwanafunzi akinyanyaswa ana pa kuonyesha kidole akasema hapa mmevunja. Mie nikilalamika nitaonyesha nini?

Sasa zile sababu zenu nazijua kwa moyo.

Ya kwanza ni pesa, kaunti haina pesa ya kuajiri. Afya ilikuja kaunti 2013 kwa katiba ya 2010 na tangu hapo kila mwaka wimbo ni huo, na siwakatalii kwamba hazina kuu yachelewesha. Tulilipia sote ule mgomo wa manesi wa 2017, Juni mpaka Novemba, mie nilikuwa diploma wakati ule na kliniko zikasimama, wenzetu wakachelewa kumaliza. Lakini ukosefu wa pesa wawaonea wanafunzi kwa njia ya ajabu. Kadiri mnavyowatumia wanafunzi kuziba pengo ndo pengo halionekani. Ripoti yaenda juu kwamba wodi iliendeshwa, hakuna aliyekufa kwa kukosa wa kumgusa, basi aliyeko juu aona kumbe manesi wawili watosha. Mkituondoa kwenye hesabu mtapata takwimu za kweli za kwenda kuombea ajira kwenye bunge la kaunti. Sisi ndo tunaowaficha nyinyi uchi na hamtushukuru.

Ya pili, na hii yatoka kwa wenzangu wa zamani, ni kwamba na sisi tulisoma hivyohivyo na tukawa manesi. Mlisoma wodi ina vitanda vyake na watu wake mama zangu. Mlikuwa na sista tyuta anayezunguka na kofia yake nyeupe na mkimsikia viatu mwanyoosha shuka upya. Vyaelea vimeundwa, nyinyi mliundwa na mtu. Huyo tyuta yuko wapi leo? Siku hizi mwalimu wa kliniko kutoka chuoni twamuona siku ya asesmenti, aja na fomu, atazama saa, aondoka. Mwengine ana wanafunzi hospitali tatu tofauti kwa mpigo, Changamwe asubuhi, kisiwani mchana, atafika saa ngapi?

Ya tatu, wanafunzi wa siku hizi wavivu, simu mkononi. Wapo. Wavivu walikuwepo hata kabla ya simu.

Ninachoomba basi. Chuo na hospitali mkikaa kuandikiana yale makubaliano ya kupokea wanafunzi, andikeni mstari mmoja kwamba mwanafunzi hahesabiwi kwenye idadi ya shifti, na kwamba nesi hatahamishwa wodi kwa sababu eti wanafunzi wapo. Mstari mmoja, haugharimu kitu. Afu ile ada ya kliniko tunayolipa, elezeni yaenda wapi, manake hiyo ndo ingemlipa mwalimu wa kukaa wodini kutwa, hata kama ni mmoja kwa wodi mbili, hata kama ni mama aliyestaafu kama yule wangu wa Kisauni. Wako wengi mitaani hawa mama, wana miaka thelathini ya wodi vichwani, sasa hivi wakaa barazani, na wengi wao ukiwaita kwa posho ya heshima watakuja mbio. Na nesi aliyepewa mwanafunzi wa kumfunza apunguziwe vitanda siku hiyo, hata kama ni vichache, na ihesabiwe kwenye kupandishwa cheo, si kuambiwa asante tu. Wakuu wa vyuo na nyinyi, msichukue wanafunzi zaidi ya wodi zinavyoweza kuwapokea. Darasani mwaweza kuongeza viti, kitanda cha mgonjwa hakiongezeki, wanafunzi kumi na wawili wamezunguka kidonda kimoja wa nyuma waona mabega tu, na mgonjwa naye ni mtu jamani ana haya zake.

Baraza la Wauguzi nao nawaomba kwa upole kabisa, mkija kukagua shule ombeni rota za usiku za miezi iliyopita, msiangalie maktaba na maabara ya wanasesere wa kufanyia mazoezi peke yake. Rota haidanganyi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti 2025 kwamba mpaka 2023 dunia ilikuwa na manesi milioni 29.8 na bado kulikuwa na upungufu wa milioni 5.8. Kila nchi yawatafuta, Ujerumani, Uingereza, Waarabu. Wataendelea kuchukua wetu, na huwa wanachukua waliofunzwa vizuri kwanza, hao wengine watatuachia. Kwa hivyo msidhani hili ni suala la wanafunzi kudeka, ni nani atakayekuhesabia wewe pumzi siku utakapoletwa kazualti saa nane ya usiku na gavana hapokei simu.

Rota ya mwezi ujao yaandikwa wiki hii. Anzeni na hiyo, wodi moja tu ya majaribio, futeni pale chini palipoandikwa wanafunzi, muone ni manesi wangapi mnao kweli. Na anayetaka kubishana na mie asinijibu kwa barua, aje wakati wa ripoti ya jioni, saa moja na nusu, wodi yoyote ya medical, bila kamera na bila kutangulia kupiga simu. Tutampa aproni.

Wenu mtiifu,
Nesi na mwanafunzi, Likoni